Colin Chapman: jamaa aliyeuza magari vipande vipande

Leo naleta stori ya mtu ambaye wengi wenu mnamfahamu bila kujua kwamba mnamfahamu. Kama uliwahi kuona ile gari ya James Bond inayotumbukia baharini na kugeuka nyambizi kwenye The Spy Who Loved Me ya 1977, basi umeona gari la kampuni yake. Kama uliona ile ya milango ya kufungukia juu kwenye Back to the Future, mkono wake umo pia, na hiyo ndiyo iliyokuja kumchafulia jina. Anaitwa Colin Chapman, Mwingereza, mwanzilishi wa Lotus. Alifariki Desemba 1982, wengi wenu mlikuwa hata hamjazaliwa. Stori ni ndefu kidogo, kwa hiyo wewe uliyeko kafe na dakika zinakimbia, nakili kwenye flashi ukasome taratibu.

Mimi sikumjua kupitia muvi wala Fomula 1. Nilimjua kupitia geji nne.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa fundi umeme kwenye gereji moja ndogo huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, si mbali na Hethel kilipo kiwanda cha Lotus. Siku moja akaja mzee mmoja na Lotus Seven ya miaka ya 60. Jamani, nilidhani kigari cha kuchezea watoto. Haina milango, haina paa la maana, madigadi ya mbele yamening'inia kama ya pikipiki. Ukikaa ndani unaweza kunyoosha mkono ukagusa lami. Uzito wake wote ni kama nusu tani, yaani Corolla ya kawaida inaizidi mara mbili. Deshibodi ni bati moja limesimama wima, lina vijigeji vya kuhesabu na swichi kadhaa, basi.

Mzee alitaka nimfungie geji nne za kununua dukani: presha ya oili, joto la maji, joto la oili na volti. Nikaona kazi ya nusu siku. Bosi akacheka, akaniambia kabla sijagusa drili nijue kwanza gari hili limetengenezwa na mtu wa namna gani, maana humo ndani hakuna nafasi iliyobaki bila sababu. Basi jioni ile na nyingine nyingi zilizofuata nikawa nasoma habari za huyu jamaa.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 Richmond, akakulia kaskazini mwa London, eneo la Hornsey, ambako baba yake alikuwa anaendesha hoteli iliyoitwa Railway Hotel. Akaingia University College London kusomea uhandisi wa majengo na miundo. Shikilia hilo, maana hakuwa fundi wa magari kwa kusomea. Alifundishwa kupiga hesabu za madaraja na mapaa: nguzo gani inabeba mzigo, ipi imekaa tu. Huku nyuma akajifunza urubani pia, na ndege ndiyo kabisa, kila kilo ina bei yake.

Wakati anasoma alikuwa mtoto wa mjini. Yeye na mwenzake walikuwa wananunua na kuuza magari mitumba pale Warren Street, London. Vita imeisha juzi tu, magari mapya hakuna, kwa hiyo mitumba inakwenda kama maandazi ya asubuhi. Mwishoni mwa 1947 serikali ikafuta mgao wa petroli kwa raia wa kawaida. Nani anunue gari asilolitia mafuta? Bei zikaporomoka, dogo akauza kwa hasara, akabakiwa na Austin Seven moja isiyo na mnunuzi. Akaikokota hadi kwenye banda lililokuwa kwa wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, akaivua bodi yote na kuiundia nyingine ya mbao nyembamba zilizogandishwa na bati la aluminiamu, kama bodi ya ndege. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza, mwaka 1948. Huyo Hazel tumpe heshima yake: walioana 1954, lakini hela kidogo ya kuanzia kampuni, zile pauni 25 zinazotajwa kila mahali, ndiye aliyezitoa.

Kampuni ilianza rasmi 1952 kwenye mabanda ya farasi nyuma ya hoteli ya baba yake. Na hapa ndipo ujanja wa Chapman unapoanza kuonekana. Alikuwa anasoma sheria kama wakili mkorofi. Mwaka 1951 kwenye mashindano ya vigari vidogo aligundua namna ya kugawa njia za kuingiza hewa kwenye injini ya Austin, akawaacha wenzake mbali hadi kanuni ikabidi ibadilishwe. Sasa upande wa biashara, Uingereza wakati huo ilikuwa na kodi kubwa ya manunuzi kwenye gari jipya. Lakini spea hazikutozwa hiyo kodi. Basi yeye akauza spea! Mark 6 ya 1952, na baadaye Seven iliyotoka 1957, mteja analetewa fremu ya mabomba ya chuma, mabati, na makorokoro mengine, injini na gia boksi za Ford za kawaida, anaunga mwenyewe nyumbani. Stori maarufu inasema sheria ilikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunganisha, kwa hiyo Lotus ikatoa maelekezo ya kufungua gari, mteja akayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kama si kweli kwa asilimia mia basi imemfaa mwenyewe.

Faida yake kwa vijana wa mishahara midogo ilikuwa kubwa sana. Kijana wa karani au fundi anaunga gari kwa wikiendi kadhaa, Jumatatu anakwenda nalo kazini, Jumapili anashindana nalo na kuwafunga wenye magari ya bei mara tatu. Ila ukishauziwa gari kwa vipande, na wasiwasi wake umeuziwa. Ukikaza vibaya ni wewe. Geji ukitaka zaidi, fungua pochi yako.

Ngoja niwaambie na hizo geji, maana kuna mafundi wenzangu humu.

Geji ndogo za dukani zina kipenyo cha milimita 52. Nikapima deshibodi ya yule mzee, nikachora duara nne, zimepangika vizuri kama vyeo vya jeshi, nikatoboa ya kwanza. Nikaingiza geji, inagoma. Naangalia nyuma: bomba la fremu limepita palepale, na tumbo la geji linaligonga. Aibu! Fremu ile Chapman aliipiga hesabu bomba kwa bomba, huwezi kulikata wala kulitia tundu. Kwa hiyo gharama ya bati jipya ikaingia mfukoni kwangu. Siku hizi kwanza nakata duara la kadibodi lenye kina cha geji, nalipachika nyuma, naingiza mkono kuona waya utapita wapi, ndio nishike drili.

Ya pili: presha ya oili. Ziko geji zinazoleta oili yenyewe kwa kijibomba chembamba kutoka kwenye injini hadi nyuma ya deshibodi. Ni sahihi na hazitaki umeme, lakini kijibomba kikipasuka oili ya moto inakumwagikia mapajani, na kwenye Seven hakuna pa kukimbilia. Nikachagua za umeme. Hizo zinatumia sensa inayokaa kwenye injini, ambayo ukinzani wake wa umeme unabadilika kadiri presha inavyobadilika. Hapo zingatia kitu kimoja: sensa na geji ni mke na mume. Ukichukua sensa ya kampuni hii na geji ya kampuni ile, mshale utacheza vizuri tu na utakudanganya mchana kweupe.

Ya tatu ndiyo iliyonifunza adabu. Geji ya joto la maji nilipomaliza kuifunga ilikaa kwenye baridi, haisogei. Injini inawaka dakika kumi, rejeta inatoa joto la kukausha nguo, mshale umelala. Kumbe sensa ile inapata ethi kupitia nyuzi zake inapokazwa kwenye injini, na mimi nilikuwa nimezungushia tepu ya mafundi bomba nyingi mno ili isivuje. Ethi imekatika. Njia ya kujua ni rahisi, kwa geji za aina hiyo: chomoa waya wa sensa, uguse kwenye chuma cha injini kidogo tu, mshale ukipanda hadi mwisho wa moto jua geji na waya ni wazima, tatizo liko kwenye sensa au ethi yake. Nikatoa tepu, mshale ukapanda. Lakini fikiria ingekuwa barabarani. Geji mbovu ni mbaya kuliko kukosa geji, kwa sababu asiye na geji angalau ana hofu.

Turudi kwa Chapman, maana sasa tunaingia kwenye mambo makubwa.

Kwenye Fomula 1 jamaa alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka 1962 alileta Lotus 25. Badala ya fremu ya mabomba, bodi yenyewe ya bati ndiyo ikawa kiunzi, kama ndege, nyepesi na haipindi. Jim Clark, Mskoti mkulima wa kondoo, akachukua nayo ubingwa wa dunia 1963, na mwaka 1965 akachukua tena kwa gari lililofuata, mwaka huohuo akaenda Marekani akashinda Indianapolis 500. Mwaka 1967 ikaja Lotus 49, ambayo injini yake ya Cosworth ilifungwa kwa bolti nyuma ya dereva na yenyewe ikawa sehemu ya kiunzi, haina fremu ya kuibeba. Ilishinda mbio yake ya kwanza kabisa, Zandvoort, Uholanzi. Mwaka 1968 akawa wa kwanza miongoni mwa timu kubwa za Ulaya kupaka gari rangi za pakiti ya sigara badala ya rangi ya nchi. Matangazo yote mnayoyaona kwenye magari ya mashindano, mlango aliufungua yeye. Kila akishinda alikuwa anarusha kofia yake nyeusi juu hewani. Hadi anafariki, Lotus ilikuwa na mataji saba ya dunia ya watengenezaji.

Hiyo ndiyo sura ya kwenye kalenda. Sura ya pili ni hii.

Mwaka 1960 kwenye mazoezi Spa, Ubelgiji, gari la Lotus la Stirling Moss lilichomoka tairi la nyuma likiwa kasi, akavunjika miguu na mgongo ukaumia. Siku hiyohiyo Lotus nyingine ya Mike Taylor stelingi yake ilikatika, naye akaumia vibaya na baadaye akaishtaki kampuni. Tarehe 7 Aprili 1968 Jim Clark alikufa Hockenheim, Ujerumani, gari likiingia kwenye miti. Wengi wanaamini ni tairi, si gari. Chapman alikuwa anampenda Clark kama ndugu, na waliokuwa karibu naye wanasema hakurudi kuwa yuleyule.

Mwaka uliofuata, 1969, kule Barcelona, mabawa marefu ya magari yote mawili ya Lotus yalivunjika katika mbio moja. Graham Hill alipona bila madhara makubwa, Jochen Rindt akaumia uso. Rindt akamwandikia Chapman barua. Siinukuu, ila ujumbe wake ulikuwa wazi: magari yako yana kasi ya kutosha, kwa hiyo yanaweza kubeba kilo chache za ziada kwenye zile sehemu dhaifu, na mimi siwezi kuendesha gari nisiloliamini. Mwaka 1970 akaendelea kuendesha Lotus, akashinda mbio tano. Tarehe 5 Septemba, kwenye mazoezi Monza, Italia, shafti ya breki ya mbele kulia ikakatika, gari likapinda ghafla likaingia kwenye kingo za barabara ambazo nazo hazikufungwa vizuri. Alifariki palepale au njiani, habari zinatofautiana. Pointi zake hazikufikiwa na mtu, akawa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Ni yeye peke yake hadi leo. Kesi ilifunguliwa Italia, ikaburuzwa miaka, mwishoni Chapman akaonekana hana hatia.

Sasa mimi nifanyeje na hiyo? Kuna wanaomwita muuaji, na mimi nasema hapana. Miaka ile madereva walikufa kwenye timu zote. Lakini pia siwezi kukubali wale wanaosema ni bahati mbaya tu. Mtu aliyejua kwa hesabu kila bomba linabeba nini, akaambiwa kwa maandishi na dereva wake mahali penye udhaifu, hakuwa mtu wa kukosa taarifa. Geji alikuwa nayo. Ilimwonyesha. Aliamua kwenda hivyohivyo, kwa sababu kupunguza uzito ndiko kulikokuwa kumempa kila kitu tangu kwenye banda la akina Hazel.

Na akili haikuisha. Mwaka 1977 na 1978 timu yake ilitengeneza gari ambalo tumbo lake lina umbo la bawa la ndege lililogeuzwa, hewa ikipita chini inalifyonza gari lishikamane na barabara. Mario Andretti akabeba ubingwa 1978. Mwenzake Ronnie Peterson, Msweden, alifariki kesho yake baada ya ajali ya Monza mwaka huohuo, akiwa kwenye gari la zamani kwa kuwa jipya lilikuwa limeharibika asubuhi.

Halafu ndio pesa. Mmarekani John DeLorean alipewa mamilioni na serikali ya Uingereza ajenge kiwanda cha magari karibu na Belfast ili vijana wa huko wapate ajira. Lotus ikapewa kazi ya kulisanifu gari lile la milango ya juu. Malipo ya kazi hiyo, zaidi ya dola milioni 17, yakapitishwa kwenye kampuni iliyosajiliwa Panama yenye anuani Geneva, na hayakufika Lotus. Kwetu tunaita kampuni hewa. Usanii mtupu, tena wa pesa za walipa kodi! Yule ambaye ujanani alikwepa kodi kwa kuuza spea, na watu wakacheka pamoja naye, safari hii hakuna wa kucheka, maana kiwanda kilianguka 1982 na wafanyakazi zaidi ya elfu mbili wakabaki bila kazi.

Chapman hakufika mahakamani. Moyo ulisimama tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na miaka 54. Kuna waliozusha kwamba hakufa, ametorokea Brazil. Achaneni na hizo. Mwaka 1992 mhasibu wake wa siku zote, Fred Bushell, alifungwa miaka mitatu, na jaji akasema wazi kwamba kama Chapman angekuwepo kizimbani angekula si chini ya kumi.

Seven haikufa naye. Lotus ilikuwa imeichoka, na mwaka 1973 haki za kuitengeneza zikachukuliwa na Caterham, waliokuwa wakiiuza, na mpaka leo wanaendelea, na bado unaweza kuletewa maboksi ukaunga mwenyewe.

Yule mzee alirudi kuchukua gari. Kabla sijamkabidhi, bosi alikuwa ameweka geji zote nne kwenye mizani ya jikoni pamoja na sensa na waya zilizobaki. Kilo moja na kidogo. Mzee akatikisa kichwa, akasema Chapman angezing'oa. Akalipa, akaondoka.

Wiki mbili baadaye akapiga simu. Anasema kwenye kona ndefu ya kushoto mshale wa presha ya oili unalala kabisa, ukinyooka barabara unarudi. Akapunguza mwendo akaja taratibu. Tulipocheki, oili ilikuwa chini ya alama, na kwenye kona ile iliyobaki ilikuwa inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inafyonza hewa. Injini ile angeendelea nayo hivyo siku mbili tatu, beringi zingekwisha. Tukajaza oili, na tukamfungia kibati cha kuizuia isikimbie ndani ya sampu. Mzee akauliza hicho nacho kina gramu ngapi.

Nawasilisha. Mwenye swali la sensa na ethi aniachie kwenye maoni hapo chini, nitajibu nikitoka gereji.